Lenzi ya Kila Kitu

Baba yangu alikaa miaka kumi na sita bila kushika kamera, na siku aliyotaka kuirudia kazi yake aliniambia kwa sauti ya mtu anayeomba apitishiwe chumvi.

"Binti yangu, ukipata nafasi nitafutie kamera."

Nilikuwa nakunja nguo. Nilidhani sikusikia vizuri. Huyu ndiye mtu ambaye tukipita mbele ya duka la kamera hugeuza shingo upande wa pili, kama aliyekutana na mke aliyemwacha. Nikamuuliza, "Kamera ya nini, Baba?"

"Ya kupigia picha. Kwani kuna nyingine?"

Nilijua jambo hilo limetoka wapi. Siku mbili kabla, alikuwa amekuja kwetu Mama Nesi. Huyu mama alikuwa muuguzi wa wazazi hadi alipostaafu, na nusu ya mtaa wetu imepita mikononi mwake ikiwa bado haijafumbua macho. Alikuja akiwa amekumbatia kitu kilichofungwa kwa mtandio. Alipokifungua ikawa picha yake ya harusi, nyeusi na nyeupe, kwenye fremu ya mbao. Nyuma yake kulikuwa na mhuri wa studio ya Baba. Picha hiyo ilikuwa na umri wa miaka thelathini na tisa.

"Fundi," alimwambia Baba, "wiki tatu zijazo wananipasua macho. Daktari anasema hili la kulia litapona, Mungu akipenda. La kushoto hakuniahidi. Kabla sijalala kwenye kile kitanda nataka nipigwe picha na mkono ule ule. Hawa wa siku hizi wananing'arisha uso mpaka nafanana na sahani."

Baba alicheka, akaniomba simu yangu. Alimkalisha Mama Nesi karibu na mlango, akapiga mara saba. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake, nikaona mkono wake. Ulikuwa unatetemeka, si sana, ila kama kijiko juu ya kisosi gari kubwa linapopita. Picha zote saba zilikuwa na ukungu. Mama Nesi alizishika karibu kabisa na pua, akasema, "Nzuri, nzuri." Hakuwa anaona. Baba ndiye aliyeona. Akamsindikiza hadi langoni, akarudi, akakaa.

Sasa ili mnielewe kwa nini kumtafutia Baba kamera hakukuwa jambo la kuingia dukani na kutoka, lazima niwaambie habari za Mbio.

Studio ya Baba haikuwa ya Baba peke yake. Walikuwa wawili. Baba aliitwa Maridadi, kwa sababu hakuwahi kumpiga mtu picha kabla ya kumnyoosha kola. Mwenzake aliitwa Mbio, kwa sababu alipiga picha za mpira, riadha na mashindano ya baiskeli, na kwa sababu yeye mwenyewe hakujua kutembea. Mimi nilimwita Baba Mdogo. Hawakuzaliwa tumbo moja, lakini nilikuwa mkubwa kabisa nilipogundua hilo, na nilisikitika.

Nilianza kazi kwao nikiwa na miaka tisa. Kazi yangu ilikuwa kuandika majina kwenye bahasha za picha, maana wote wawili mwandiko wao ulikuwa kama kuku aliyekanyaga wino. Nikapewa jina la Binti Bahasha. Nilikaa mezani mbele, chini ya saa iliyokuwa haifanyi kazi, na kutoka hapo niliona kila kitu. Upande wa kulia kulikuwa na chumba cha Baba, chenye mapazia matatu yaliyochorwa: moja lina ngazi za jumba, moja lina maua, moja lina ndege angani kwa wale wanaotaka kuonekana wamesafiri. Nyuma kulikuwa na chumba cha giza, taa nyekundu, trei tatu za dawa, na kamba ambayo picha zilianikwa kama soksi. Harufu ya ile dawa ilikaa kwenye nywele zangu hata baada ya kuoga. Shuleni wenzangu waliziba pua. Leo ningetoa chochote niinuse tena kwa dakika moja tu.

Baba alikuwa na namna yake. Mtu akikaa, hakumwambia acheke wala akae sawa. Alimuuliza maswali. Amekula nini, nani alimnunulia hilo shati, mama yake anamwita jina gani akiwa amekasirika. Mtu akishasahau kwamba yuko studio, ndipo kitufe kinabonyezwa, mara moja, labda mara mbili. Filamu ilikuwa na picha thelathini na sita tu, na Baba aliihesabu kama mama mwenye wageni wengi anavyohesabu vipande vya nyama.

Baba Mdogo yeye aliondoka asubuhi akiwa safi na kurudi jioni akiwa na matope kifuani, kwa sababu alilala chini pembeni ya goli. Aliingia moja kwa moja chumba cha giza. Tulimsikia humo ndani akisema, "Nimekupata! Nimekupata!" Hapo tulijua kwamba mpira ulikuwa ndani ya picha.

Walitaniana mchana kutwa. Baba alimwambia, "Wewe unapiga migongo ya watu wanaokimbia." Baba Mdogo akajibu, "Na wewe unapiga watu wanaojifanya." Halafu wanagawana maandazi. Miaka mingi maneno hayo yalikuwa utani.

Kisha zikaja kamera za dijitali. Mwanzoni walizicheka. Baadaye wateja wakaanza kuuliza kama picha zinaweza kutoka siku hiyo hiyo, na magazeti yakaacha kupokea picha za karatasi. Ikabidi wanunue. Tatizo ni kwamba walichokuwa nacho kilitosha kamera moja na lenzi moja.

Lenzi gani? Hapo ndipo palipokuwa na mwiba. Baba alitaka lenzi ya sura, ya milimita themanini na tano, yenye mdomo mpana unaomeza mwanga hata chumba kikiwa hafifu, inayoacha uso mkali na kila kilicho nyuma kikayeyuka. Baba Mdogo alitaka lenzi ndefu ya kuvuta watu kutoka ng'ambo ya uwanja, na kamera inayopiga picha nyingi kwa sekunde. Walibishana majuma mawili. Mwishowe mwenye duka akawatolea lenzi ya tatu, ya kuvuta karibu na mbali, akasema hii ni lenzi ya kila kitu: harusi, mpira, maua, mlima. Wakatazamana, wakaona ndiyo suluhu ya watu wazima. Wakaichukua.

Mshika mawili moja humponyoka. Wao yaliwaponyoka yote mawili. Harusi ya kwanza ilikuwa kwenye ukumbi wenye taa hafifu. Lenzi ile ilikuwa na mdomo mdogo, haikupata mwanga wa kutosha, na picha zikatoka na chengachenga kama zimemwagiwa mchanga. Bibi harusi alilia mbele ya meza yangu. Wiki iliyofuata ikawa fainali. Baba Mdogo alilala pembeni ya goli, mshambuliaji akaja peke yake na kipa, na lenzi ikaanza kutafuta, mara mbele mara nyuma, kama mzee anayetafuta miwani iliyo kichwani kwake. Ilipomwona mshambuliaji, tayari alikuwa anashangilia.

Jioni ile walikuwa wote wawili studio. Nilikuwepo, nikiwa na miaka ishirini na tatu na bahasha mkononi. Baba alisema, "Tumeharibu harusi ya watu kwa sababu ya hiyo migongo yako." Baba Mdogo akajibu, "Bora migongo. Wewe maisha yako yote umepiga uongo." Yalikuwa maneno yale yale ya kila siku, lakini safari hii hakuna aliyecheka. Kesho yake Baba Mdogo alikuja na mkokoteni, akachukua vitu vyake. Kamera ilibaki mezani siku tatu, kila mmoja akimwachia mwenzake, mpaka nikaifungia kabatini.

Baba aliendelea na filamu peke yake kwa miaka miwili, hadi filamu zenyewe zikakosekana. Akafunga mlango. Mama alipofariki, Baba Mdogo alikuja mazikoni, akamshika Baba mkono, akasema pole, akaondoka. Hayo ndiyo yaliyopita kati yao kwa miaka kumi na minane.

Basi Baba aliponiomba kamera, nilijua mtu mmoja tu wa kumuuliza. Baba Mdogo alikuwa na duka dogo la kamera na lenzi zilizotumika, katikati ya mchonga funguo na muuza vitambaa. Nilikuwa nampitia mara moja moja bila kumwambia Baba. Jumamosi nikamvalisha Baba koti, nikamwambia tunakwenda dukani. Tulipokata kona alisimama.

"Usinipeleke kwa yule."

"Baba, unataka kamera au unataka kununa? Maana kununa unaweza hata nyumbani."

Alifunga kifungo cha koti. Kisha akatangulia.

Duka lilikuwa jembamba kama korido. Kabati za vioo kila upande, lenzi zimepangwa kwa urefu, kila moja na kikaratasi chake. Baba Mdogo alikuwa na mteja, dada mmoja anayeuza viatu mtandaoni. Alituona. Lakini hakumwacha mteja wake.

"Dada yangu, hii ndefu unayoitaka ni ya kupigia simba," alisema. "Kiatu chako kina meno? Hakina. Unaweza kukisogelea. Chukua hii fupi ya vitu vya karibu, inaona hadi uzi wa mshono. Na kamera yako uliyonayo inatosha. Weka meza karibu na dirisha, tandika karatasi nyeupe, kamera ikae kwenye stendi. Ukiona picha bado mbaya, rudi unitukane."

Dada akacheka, akaondoka na lenzi ndogo kuliko ngumi. Tukabaki watatu.

"Karibu, Maridadi," Baba Mdogo alisema.

"Ahsante."

Baba akaanza kusoma vikaratasi vya lenzi. Upande wa pili wa ukuta mashine ya mchonga funguo ilikuwa inasaga chuma, na kwa mara ya kwanza maishani nilishukuru kelele. Nikaona nisipoongea tutazeeka pale. Nikaeleza habari za Mama Nesi, picha ya harusi, macho, zile saba za simu. Baba Mdogo alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Nilipomaliza alimwambia Baba, "Nyoosha mkono."

Baba akauingiza mfukoni.

"Kaka, nyoosha mkono. Nimeshauona ulivyoingia."

Baba akautoa, taratibu. Baba Mdogo hakuushika wala hakumpa pole. Aliutazama tu, kama fundi anavyoinamia injini kusikia inavyonguruma. Kisha akafungua kabati, akashusha kamera nyepesi, ya hizi mpya ambazo ndani hazina kioo. "Hii inatuliza mtikisiko yenyewe, kitu cha ndani kinacheza pamoja na mkono wako." Akafungua droo ya chini, akatoa lenzi fupi nene, mdomo wake mpana kama kikombe. Milimita themanini na tano.

Baba aliipokea kwa mikono miwili.

"Ulisema kweli kuhusu hii," Baba Mdogo alisema. "Kwa sura za watu hakuna kama hiyo."

"Na wewe ulisema kweli kuhusu ile ndefu."

"Najua."

Baba akaifunga lenzi kwenye kamera, akamwelekezea, akabonyeza. Picha ikatokea nyuma ya kamera: Baba Mdogo, amepinda kidogo, uso una ukungu. Uso wa Baba ukasawijika. "Si unaona? Hata ikitulizwa."

"Umeweka kasi gani?"

"Ile ile ya siku zote. Moja ya sitini ya sekunde."

"Weka moja ya mia tano."

"Mia tano ni ya wachezaji mpira! Kwani Mama Nesi anakimbia?"

"Yeye hakimbii," Baba Mdogo alisema. "Wewe ndiye unayekimbia. Mkono wako ndio mshambuliaji. Lazima umkamate."

Baba aliishusha kamera. Kisha akageuza gurudumu la kasi kwa kidole chake kinachotetemeka, akafungua mdomo wa lenzi wote, akapiga tena. Safari hii nilikuwa nachungulia juu ya bega lake. Kila unywele wa kijivu kwenye nyusi za Baba Mdogo ulikuwa umekaa mahali pake, na nyuma yake kabati za vioo zilikuwa zimeyeyuka kuwa matone ya mwanga.

"Nimekupata," Baba alisema polepole.

Baba Mdogo alijifanya anatafuta kitu droo ya chini. Alikaa huko chini zaidi ya inavyohitajika. Aliposimama alisema, "Siku ile nilikuambia neno baya."

"Mimi ndiye niliyeanza."

"Ndiyo. Wewe ndiye uliyeanza."

Wakacheka, kwanza kwa aibu, halafu kweli kweli, mpaka mchonga funguo akachungulia mlangoni kuuliza kuna nini. Nilipouliza bei, Baba Mdogo alisema kamera hiyo ni ya kuazima mpaka kazi ya Mama Nesi iishe, kwa sharti moja: haiendi popote bila yeye.

Tulikwenda Jumatatu, asubuhi, mwanga ukiwa bado laini. Mama Nesi alikuwa amevaa gauni la kijani na hereni, amejipaka poda kwa kupapasa, shavu moja likazidi jingine. Baba alitoa leso akamsawazisha, kisha akamnyoosha kola. Akamweka kwenye kiti kando ya dirisha la sebuleni. Baba Mdogo alisimama upande wa pili ameshika kadibodi iliyovikwa karatasi nyeupe, kurudisha mwanga kwenye lile shavu la kivulini. Mimi nilishika pazia.

Mwanzo haukuwa mzuri. Kwa woga, mkono wa Baba ulitetemeka kuliko kawaida, na picha tatu za kwanza zilikata utosi. Jasho lilimtoka. Baba Mdogo akasema kwa sauti ya chini, "Hii si filamu, kaka. Hakuna anayehesabu. Piga tu."

Baba akashusha pumzi. Akaanza kuuliza maswali, kama zamani.

"Bwana harusi yako, Mungu amrehemu, kwenye ile picha mbona amesimama upande?"

Mama Nesi akatabasamu. "Viatu. Aliazima vya binamu yake, vikawa vidogo. Kutwa nzima anachechemea. Watu wakasema anaringa! Jioni tulivyofika nyumbani tulivivuta, mimi nashika kiatu, yeye anashika mlango, na kiatu hakitoki. Nikaanguka chali na gauni langu jeupe..."

Akacheka kwa mwili mzima, kichwa kikarudi nyuma kidogo, mkono ukaenda kifuani. Kamera ikalia mfululizo, tik-tik-tik-tik, kama mtu anayepiga picha za mbio za mita mia. Nikamwangalia Baba. Alikuwa amekunja magoti, amesahau kwamba ana miaka sabini na miwili.

Picha iliyochaguliwa ilikuwa ya tisa katika ule mfululizo. Macho yake yanaonekana wazi, yana ule utando wa maziwa wa ugonjwa, na bado yanacheka. Baba hakutaka kuyasafisha kwa kompyuta. Alisema hayo ndiyo yaliyoona watoto wa mtaa mzima wakizaliwa, na hakuna wa kuyarekebisha ila daktari.

Daktari alirekebisha moja. La kushoto halikurudi. Mwezi mmoja baadaye Mama Nesi alikuja kuitazama picha yake kwa jicho jipya, kwa mara ya kwanza. Aliishika kwa umbali wa mkono, akaikazia.

"Mikunjo yote hii mmeiweka nyinyi?"

"Ni lenzi ya huyu," Baba akasema.

"Mimi nilishika kadibodi tu," akasema Baba Mdogo.

Mama Nesi aliendelea kutazama, na taratibu akaacha utani. "Nafanana na mama yangu," alisema. Akaifunga kwenye mtandio na akataka asindikizwe, kwa sababu jicho jipya lilikuwa bado linaogopa ngazi.

Baada ya hapo walianza kuja wengine. Aliyekuwa bibi harusi miaka arobaini iliyopita, sasa ana wajukuu. Mapacha waliopigwa picha mbele ya pazia la ndege, sasa wana vipara. Siku za Alhamisi Baba anakaa dukani kwa Baba Mdogo. Watu wanaokuja kununua wanasikia maoni mawili kwa bei ya moja: huyu anamwambia mpiga harusi anunue lenzi ya sura, yule anamwambia asiwasahau wanaocheza. Kamera ile ya kuazima haijarudishwa, na hakuna anayeikumbushia.

Alhamisi iliyopita walikuja watu thelathini na mmoja wa familia moja, wanataka picha ya pamoja hapo hapo. Baba Mdogo akatoa lenzi pana ya kupigia vyumba na majengo. Baba akakataa katakata, akisema hiyo itawanenepesha watu wa pembeni kama wametiwa hamira. "Mimi narudi nyuma," akasema. "Nyuma kuna ukuta," akasema Baba Mdogo. Basi familia ikajipanga upande wa ndani, watoto wakakaa chini ya kabati za vioo, na Baba akatoka kinyumenyume mlangoni, jicho kwenye kamera, hatua kwa hatua, hadi katikati ya barabara. Baba Mdogo alikuwa nyuma yake amemshika mkanda wa suruali asianguke, anamwelekeza, "Bado, bado, hapo kuna jiwe, inua mguu." Na mimi nilisimama mbele ya baiskeli tatu na mkokoteni wa maji, mikono nimeitandaza, nikiwaomba radhi, nikiwaambia ngojeni kidogo tu, mzee anapiga picha.